Visikilizi vya Shingoni Ukerewe: Uchaguzi Unaoanza na Matumizi

Kifaa cha umeme kikiharibika Nansio, kisiwani Ukerewe nchini Tanzania, hakirudi dukani kwa wepesi kama kinavyorudi kikiharibika Mwanza mjini, kwa kuwa kati ya mnunuzi na muuzaji kuna Ziwa Victoria, ambalo huvukwa ama kwa meli ya saa tatu hivi kutoka Mwanza, ama kwa kuzunguka nchi kavu kupitia Bunda hadi Kisorya na kupanda kivuko cha kwenda Rugezi. Nauli ya kwenda na kurudi, pamoja na siku ya kazi inayopotea njiani, huweza kulingana na bei ya kifaa chenyewe kama ni cha bei ndogo, na hivyo ununuzi ambao mjini ungekuwa jambo la kujaribu bahati, kisiwani hugeuka kuwa uamuzi wa kupigiwa hesabu.

Visikilizi vya shingoni visivyounganishwa na simu kwa waya, ambavyo vijana huviita kwa kifupi eafoni za shingoni, ni mfano mzuri wa ununuzi wa namna hiyo. Huuzwa katika maduka ya simu na kwa wamachinga wanaovipanga mezani pamoja na chaja na kava za simu. Bei zake hupishana sana ilhali maumbo yake hufanana kama mapacha. Na maboksi yake karibu yote huahidi sauti nzito, betri ya kudumu na simu inayosikika vizuri. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba bei na jina la kampuni, ingawa vina uzito wake, si mahali pa kuanzia. Mnunuzi huanza na saa anazosikiliza kwa siku, mahali anapokivalia kifaa na simu aliyonayo, ndipo aje kwenye bei. Na kwa mkazi wa kisiwani, uimara wa kifaa na majaribio yanayofanywa kabla ya kulipa hupita kwa thamani sifa nyingine zote.

Umbo na sababu zake

Kisikilizi cha shingoni kikishikwa mkononi huonekana kuwa na sehemu nne. Ya kwanza ni utepe wa mpira au silikoni unaolalia shingo, ambao ndani yake hupita waya mwembamba. Ya pili ni vibonge viwili vigumu vilivyo kwenye ncha za utepe huo, ambavyo hubeba betri, saketi, tundu la kuchajia na vitufe, navyo vitufe kwa kawaida ni vitatu: cha kuongeza sauti, cha kupunguza, na cha katikati ambacho hupokea simu na kusimamisha wimbo. Ya tatu ni nyaya mbili fupi zinazopanda hadi masikioni, na ya nne ni spika ndogo zenyewe, ambazo migongoni mwake huwekwa sumaku ili zishikane kifuani zikiwa hazitumiki. Katika aina zilizoundwa kwa makini zaidi sumaku hizo hufanya pia kazi ya swichi, kwa maana kwamba spika zikiachanishwa kifaa huwaka, na zikishikana hujizima au husimamisha wimbo.

Umbo hili lilienezwa hasa na kampuni ya LG ya Korea Kusini, iliyoanza kuuza visikilizi vyake vya jamii ya Tone mwaka 2010, na halikufa hata baada ya Apple kutoa AirPods mwaka 2016 na kufungua soko kubwa la vipande viwili vya masikioni visivyo na waya wowote. Sababu za kudumu kwake ni mbili. Kwanza, vibonge vya shingoni vina nafasi ya kubeba betri kubwa kuliko ile inayoweza kuingia ndani ya kipande cha sikioni, na kwa hiyo mtumiaji halazimiki kutembea na kasha la kuchajia. Pili, kipande kilichochomoka sikioni hakipotei, jambo ambalo kwa watu wa ziwani si dogo: kile kisicho na waya kikiponyoka mtu anaposhuka ngazi ya meli au anapovuta wavu mtumbwini, huzama na kumwachia mwenyewe nusu ya kifaa, ilhali cha shingoni huning'inia kifuani hadi mkono upate nafasi ya kukirudisha.

Mahali penye udhaifu napo hujulikana, napo ni pale waya mwembamba unapoingia kwenye kibonge na pale unapoingia kwenye spika. Hapo ndipo waya hukunjwa kila siku, hapo ndipo hukatika, na hapo ndipo upande mmoja huanza kukatakata sauti kabla ya kunyamaza kabisa. Mnunuzi atazame kama maungio hayo yana kishikizo cha mpira kinachopinda pamoja na waya, kwa kuwa waya uliochomekwa tu kwenye plastiki ngumu hauwezi kustahimili mivuto ya kila siku.

Maneno ya kwenye boksi

Mawasiliano kati ya simu na kisikilizi hufanyika kwa Bluetooth, yaani mawimbi ya redio yenye nguvu ndogo katika masafa ya gigahezi 2.4, ambayo kwa vifaa vya aina hii hufika mita 10 hivi pasipo na kizuizi. Teknolojia hiyo ilianzia katika kampuni ya Ericsson ya Sweden katika miaka ya 1990, ikapewa jina la Harald Blåtand, mfalme wa Denmark wa karne ya 10, na tangu 1998 kanuni zake husimamiwa na umoja wa makampuni. Bluetooth yenyewe haili bando. Kinachokula bando ni wimbo au mahubiri yanayovutwa kutoka intaneti, ambayo yakipigwa kwa kiwango cha kilobiti 128 kwa sekunde hutumia megabaiti 58 hivi kwa saa, sawa na yanavyotumia msikilizaji akiwa na visikilizi vya waya.

Namba inayofuata neno Bluetooth, kama vile 5.0 iliyotolewa mwaka 2016 au 5.3 iliyotolewa mwaka 2021, huonyesha toleo la kanuni hizo, na wauzaji hupenda kuitaja kana kwamba ni kipimo cha uzuri wa sauti. Kwa kweli toleo jipya huelekea kupunguza matumizi ya umeme na kuimarisha muungano, lakini kifaa cha toleo jipya hufanya kazi pia na simu ya toleo la zamani, na sauti yake haiboreki kwa sababu ya namba peke yake.

Neno lenye uhusiano wa karibu zaidi na sauti ni kodeki, yaani utaratibu wa kuifinya sauti ili ipite hewani na kuikunjua tena ikifika sikioni. Kodeki ya SBC ni ya lazima katika kila kisikilizi cha Bluetooth cha muziki. AAC hutumiwa sana na simu za iPhone. AptX ni ya kampuni ya Qualcomm. Na LDAC, iliyobuniwa na Sony, huweza kupitisha hadi kilobiti 990 kwa sekunde. Kodeki hufanya kazi pale tu simu na kisikilizi vinapoielewa kwa pamoja, na kwa kuwa iPhone haitumii aptX wala LDAC, mwenye simu hiyo anayelipa zaidi kwa ajili ya maneno hayo huwa amelipia kitu asichoweza kukitumia. Kwa msikilizaji wa kawaida, namna mpira wa spika unavyoziba tundu la sikio hubadilisha sauti kuliko kodeki, kwani mpira uliolegea huvujisha sauti za chini, na besi hupotea hata katika kifaa cha bei kubwa. Ndiyo maana boksi linalokuja na mipira ya saizi tatu lina faida kuliko lenye saizi moja.

Maneno mengine mawili huchanganywa mara kwa mara. ANC ni utaratibu wa kifaa kusikiliza makelele ya nje kwa maikrofoni na kutoa wimbi lililo kinyume chake ili yafutane, wazo ambalo mhandisi Mjerumani Paul Lueg alilipatia hataza Marekani mwaka 1936, nalo hufaulu zaidi dhidi ya mngurumo mzito usiobadilika, kama ule wa injini ya meli au ya basi, kuliko dhidi ya soga za watu. ENC, kwa upande wake, husafisha sauti ya anayeongea ili amfikie vizuri aliye upande wa pili wa simu, wala haimpunguzii kelele yule aliyevaa kifaa. Anayenunua kisikilizi chenye ENC kwa matumaini ya kupata utulivu melini atakuwa amenunua kitu kingine.

Kuna pia jambo ambalo aghalabu maboksi hayalisemi, nalo ni redio. Simu nyingi zenye redio ya FM hutumia waya wa visikilizi kama antena, na kwa hiyo mtu aliyezoea kusikiliza taarifa ya habari au mpira kwa FM bila kulipia bando hugundua, baada ya kununua kifaa cha Bluetooth, kwamba simu inamdai achomeke waya kwanza. Mtu wa aina hiyo ama ahakikishe kuwa simu yake ni miongoni mwa zile zinazopokea FM bila waya, ama abaki na visikilizi vya zamani kwa ajili ya redio, ama atafute kisikilizi cha shingoni chenye nafasi ya memori kadi, ambacho hupiga nyimbo zilizohifadhiwa hata simu ikiwa imezimwa.

Betri: hesabu ya mwaka mzima

Uwezo wa betri huandikwa kwa miliampea-saa, kwa kifupi mAh, na muda wa matumizi huandikwa kwa saa. Kati ya vipimo hivyo viwili, saa ndizo zenye maana kwa mnunuzi, kwa sababu vifaa viwili vyenye betri sawa huweza kutofautiana kwa jinsi saketi zake zinavyotumia umeme. Hata hivyo, saa hizo kwa kawaida hupimwa sauti ikiwa ya wastani, na anayefungua sauti hadi mwisho asitarajie kuzifikia.

Faida ya betri kubwa haiishii kwenye kupunguza safari za kwenda kuchaji. Betri za lithiamu huchakaa kwa kuhesabu mizunguko, yaani kila mara uwezo wake wote unapotumika na kujazwa upya, na baada ya mizunguko mia kadhaa hubakiwa na sehemu tu ya uwezo wa mwanzo. Mtu anayesikiliza saa 3 kwa siku hutimiza saa 1,095 kwa mwaka. Akiwa na kifaa cha saa 10 kwa chaji hukamilisha mizunguko 110 hivi, lakini akiwa na kifaa cha saa 4 hukamilisha zaidi ya 270. Vifaa hivyo viwili, hata vikiwa na betri za ubora mmoja, havitazeeka kwa kasi moja, na kile kilichoonekana rahisi dukani huweza kuwa kimechoka kabla ya mwenzake kufika nusu ya maisha yake.

Tundu la kuchajia nalo litazamwe. Tundu la Type-C lina faida ya kutumia waya uleule wa simu nyingi za sasa, ilhali lile la zamani la Micro-USB humlazimisha mtu kutunza waya wa pili. Hata hivyo, baadhi ya vifaa vya bei ndogo vyenye tundu la Type-C huchajika tu kwa waya ambao upande wake wa pili ni ile ncha bapa ya zamani ya USB, na vikichomekwa waya wenye Type-C pande zote mbili havipokei umeme hata kidogo, kwa sababu mtengenezaji ameacha kuweka vipengele vidogo vinavyoiambia chaja kwamba kuna kifaa kinachosubiri. Kwa kaya inayotegemea paneli ndogo ya sola, betri ya kisikilizi ni mzigo mwepesi sana ukilinganisha na simu, na chaja ya kawaida ya taa za sola yenye tundu la USB hutosha.

Maji, jasho na vumbi

Uwezo wa kifaa kustahimili maji huonyeshwa kwa herufi IP zikifuatiwa na alama mbili, ya kwanza ikihusu vumbi na ya pili ikihusu maji. Herufi X mahali pa alama ya kwanza humaanisha kwamba kipimo cha vumbi hakikutajwa. IPX4 ni kuhimili marashorasho kutoka pande zote, jambo linalotosha kwa jasho na manyunyu. IPX5 ni kuhimili maji yanayorushwa kwa bomba dogo. Na IPX7 ni kuhimili kuzamishwa kwenye maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30. Vipimo hivyo hufanywa kwa maji matupu na kwa kifaa kipya, hivyo havikikingi dhidi ya maji ya sabuni, wala haviruhusu kuchaji kifaa kikiwa bado na unyevu kwenye tundu. Mkazi wa Ukerewe ana nafuu moja kuliko wa Dar es Salaam au Zanzibar, kwa kuwa maji ya ziwa hayana chumvi inayokula pini za kuchajia kama maji ya bahari. Lakini vumbi la barabara za kisiwani halina huruma hiyo, na kwa anayetembea na baiskeli au pikipiki, kifaa chenye alama kamili kama IP55 kina maana kuliko chenye IPX5.

Kila mmoja na haja yake

Mwanafunzi anayesikiliza masomo yaliyorekodiwa anahitaji sauti za maneno zilizo wazi na mpira usioumiza sikio kwa saa nyingi, na hana sababu ya kulipia ANC wala kodeki za juu. Mfanyabiashara wa samaki au wa mazao, ambaye siku yake hupita katika simu za kuuliza bei na kuagiza mzigo, anahitaji maikrofoni nzuri, mtetemo wa shingoni unaomjulisha simu inapoingia hata spika zikiwa kifuani, na uwezo wa kuunganishwa na simu mbili kwa wakati mmoja, kwa kuwa wafanyabiashara wengi hutenganisha simu ya kazi na ya nyumbani. Maikrofoni iliyo karibu na kidevu husikika vizuri kuliko iliyofichwa ndani ya kibonge cha shingoni, ambayo husuguana na ukosi wa shati, ingawa upepo wa mwaloni huzisumbua zote mbili.

Msafiri wa meli anafaidika zaidi na mipira inayoziba vizuri na, kama mfuko unaruhusu, na ANC, kwa sababu mngurumo wa injini ndio kelele inayofutika kwa urahisi. Mpenzi wa filamu na michezo ya simu azingatie ucheleweshaji, yaani muda unaopita kati ya picha na sauti, ambao kwa kodeki ya SBC huweza kufika robo ya sekunde na kufanya midomo ipishane na maneno. Programu nyingi za video hurekebisha tofauti hiyo zenyewe, lakini michezo ya simu hairekebishi. Kwa sababu hiyohiyo, mwanakwaya au mtayarishaji wa muziki anayerekodi sauti juu ya ala ashikilie visikilizi vya waya.

Mvuvi wa dagaa, anayefanya kazi usiku wa giza kwa taa zinazowavuta dagaa juu ya maji, ana haja zake za pekee. Anahitaji betri ya usiku mzima, kinga dhidi ya marashorasho na vitufe vinavyotambulika kwa kidole chenye maji bila kuangaliwa. Faida anayoipata kwa kifaa cha Bluetooth ni kubwa kuliko ya mtu wa nchi kavu, kwa kuwa plastiki haizuii mawimbi ya redio: simu hubaki imefungwa ndani ya mfuko usiopitisha maji, naye akapokea simu kwa kubonyeza kitufe shingoni bila kuufungua. Hata hivyo, haipasi masikio yote mawili yazibwe ndani ya chombo. Mabadiliko ya mlio wa injini, sauti ya mwenzake gizani na upepo unaogeuka ni taarifa zinazopita sikioni kabla hazijaonekana kwa macho, na faida moja ya kisikilizi cha shingoni ni kwamba upande mmoja huweza kuachwa ukining'inia bila kupotea. Agizo hilohilo linamhusu mwendesha baiskeli, na kwa dereva wa bodaboda ni bora zaidi spika zote mbili zikae kifuani, kifaa kikibaki na kazi yake ya kutetema simu inapoingia ili asimame pembeni kuipokea.

Mfuko wa mnunuzi

Bei za vifaa hivi hupanda na kushuka kwa kodi, kwa thamani ya dola na kwa idadi ya mikono ambayo bidhaa imepitia kabla ya kufika kisiwani, kwa hiyo ni salama zaidi kuzungumzia madaraja ya mfuko kuliko bei ya kifaa kimoja kimoja. Aliyetenga shilingi 15,000 hadi 25,000 yumo katika daraja ambalo majina ya kampuni hayana maana kubwa na jina maarufu kwenye boksi linapaswa kuamsha shaka badala ya kuleta faraja. Katika daraja hilo anunue sifa chache: waya wenye vishikizo imara, mipira ya saizi zaidi ya moja na, kama anahitaji, nafasi ya memori kadi. Maneno kama ANC na LDAC yakionekana kwa bei hiyo, aghalabu huwa mapambo ya boksi.

Aliyetenga shilingi 40,000 hadi 80,000 ameingia katika daraja ambalo watu wengi wangefaa kusimama. Hapa hupatikana bidhaa za kampuni zinazojulikana na zenye kulinda jina, zikiwamo za oraimo, jina la vifaa vya ziada vya kampuni ya Transsion ya Shenzhen ambayo ndiyo inayotengeneza pia simu za Tecno, itel na Infinix. Na mtu akiongeza kidogo hukaribia vifaa kama Sony WI-C100, ambayo mtengenezaji huitajia saa 25 za matumizi na kinga ya IPX4, au JBL Tune 215BT yenye saa 16. OnePlus Bullets Wireless Z2, iliyotoka mwaka 2022, hutajwa kuwa na saa 30, kinga ya IP55, na uwezo wa kupata saa 20 kwa kuchajiwa dakika 10 tu, jambo lenye manufaa pale umeme unapokuwa wa kubahatisha.

Aliye na zaidi ya hapo afikirie ANC na kodeki za juu kama zile za Sony WI-1000XM2, kifaa cha shingoni cha mwaka 2019 ambacho hata hivyo hupewa saa 10 tu za matumizi, kwa kuwa kazi ya kufuta makelele hula umeme. Daraja hili lina maana kwa msafiri wa kila wiki na kwa msikilizaji mwenye simu inayoweza kuipa haki yake sauti hiyo. Kwa mwingine yeyote, fedha ya ziada ingefanya kazi bora zaidi ikinunua dhamana ya duka linalofikika.

Masikio yenyewe

Kifaa huweza kubadilishwa, lakini chembe za nywele za ndani ya sikio zinazopokea sauti hazioti tena zikishakufa. Shirika la Afya Duniani pamoja na Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, katika kiwango walichokitoa kuhusu usikilizaji salama, waliweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa mtu mzima na desibeli 75 kwa saa hizohizo kwa mtoto, desibeli zikiwa kipimo cha nguvu ya sauti. Kila nyongeza ya desibeli 3 hukata muda salama kwa nusu, hivyo anayepandisha kutoka 80 hadi 83 hubakiwa na saa 20, na anayefika 86 hubakiwa na saa 10 kwa wiki nzima.

Hatari kubwa kwa msafiri iko katika tabia ya kushindana na kelele: injini hunguruma, msikilizaji huongeza sauti ili aipite, na kwa muda wa safari nzima sikio hubeba mizigo miwili. Mpira unaoziba vizuri hupunguza ushindani huo na kuruhusu sauti ya chini, na kwa maana hiyo saizi sahihi ya mpira ni suala la afya kabla ya kuwa suala la besi. Mlio unaobaki masikioni baada ya kuvua kifaa ni onyo, na ukidumu unahitaji hospitali. Mipira ioshwe na kukaushwa, isiazimwe ovyo, kwani nta na vijidudu vya sikio moja havipaswi kuhamia jingine.

Majaribio ya kaunta

Muuzaji mwaminifu hakatai kifaa kijaribiwe, na jaribio kamili halizidi dakika kumi. Kifaa kiunganishwe na simu ya mnunuzi mwenyewe, wala si ya dukani, na jina linalotokea kwenye skrini lilinganishwe na lile la kwenye boksi. Upande wa kushoto na wa kulia usikilizwe mmoja mmoja kwa sauti ya mtu anayeongea, huku maungio ya waya yakikunjwa taratibu kwa vidole; mkwaruzo wowote au kukatika kwa sauti ni sababu tosha ya kukirudisha mezani. Sauti ishushwe hadi chini kabisa ili mvumo wa saketi, kama upo, usikike. Mtu apigiwe simu na aulizwe anasikia nini kando ya barabara yenye pikipiki. Simu iachwe kaunta, mnunuzi atembee hatua kumi na kurudi. Mwisho kifaa kichomekwe chaja, taa yake ionekane ikiwaka, na kama mnunuzi ana waya wa Type-C pande zote mbili, aujaribu palepale.

Baada ya majaribio huja karatasi. Herufi zilizokosewa kwenye boksi, nembo iliyobadilishwa kidogo na kukosekana kwa namba ya kifaa ni dalili za bidhaa bandia, ambazo nchini zinashughulikiwa na Tume ya Ushindani iliyoundwa chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, huku Shirika la Viwango Tanzania likisimamia ubora. Malalamiko yoyote hupata nguvu yakiwa na risiti, na risiti ya mashine ya kielektroniki ndiyo inayomtambulisha muuzaji, tarehe na kiasi kilicholipwa. Muda wa dhamana uandikwe nyuma ya risiti hiyo pamoja na namba ya simu ya duka, na mnunuzi aulize waziwazi kama duka litapokea kifaa kilichotumwa kwa mtu au kwa kifurushi cha meli, au kama ni lazima mwenyewe afike.

Kwa mkazi wa Nansio asiye na haja ya pekee, uamuzi wa jumla ni huu: kisikilizi cha daraja la kati, chenye saa zisizopungua 15 kwa chaji, kinga ya IPX4 au zaidi, tundu la Type-C, mipira ya saizi tatu na risiti yenye dhamana, kitamfaa kuliko cha bei ndogo kilichonunuliwa mara tatu na kuliko cha bei kubwa kisicho na fundi wala dhamana kisiwani. Na anayekinunua Mwanza afanye majaribio yote yaliyotajwa kabla ya kukata tiketi ya kurudi, kwa sababu meli ikishaondoka bandarini, kasoro ya kifaa huwa imehama kutoka kwa muuzaji na kuwa mali ya mnunuzi.